Mkaa Ulioshiba

Mkaa ukishashiba hauonyeshi. Unabaki mweusi vilevile, mwepesi vilevile, na ukigonga kipande kwa kipande unalia vilevile. Kwa hiyo mwanzoni ilikuwa rahisi kwangu kudanganyika, na baadaye, nilipokwisha kujua, ilikuwa rahisi kuendelea kuwadanganya wenzangu. Wanangu wanajua kwamba zamani nilikuwa mtunza maji wa kijiji, na hilo wanalisimulia kwa majivuno. Mengine sijawahi kuwaambia.

Kwetu ni Kirushya, Ngara. Niliolewa Biharamulo, upande wa Nyamigogo, kwenye ukoo wa wahunzi. Baba mkwe wangu alikuwa mfupi mwenye mabega mapana, kidole gumba kimoja kimepinda kwa nyundo, na kifua kilichokwaruza kila alipopumua kwa sababu ya moshi wa miaka mingi. Alikuwa na tabia ya kunusa kila kitu: chuma, udongo, hata ugali kabla hajaumega. Mama mkwe sikumkuta. Mzee alikuwa akitunzwa na binti yake, wifi yangu, aliyekuwa ameachika na kurudi nyumbani, mwanamke mpole ambaye nilimpenda na ambaye nilimsumbua sana.

Katika ukoo ule mkamwana hakuzungumza na baba mkwe. Si kwamba mlikuwa na ugomvi, hiyo ilikuwa heshima. Tukikutana njiani nilijifunika khanga usoni na kupisha. Sikula mbele yake, sikutaja jina lake, na neno lake kwangu lilipita kwa mume wangu au kwa wifi. Lakini mwiko huo ulikuwa na namna ya kuondolewa. Siku mzee mwenyewe akiona imefaa, alimpa mkamwana kitu cha thamani, mkono kwa mkono, na mkamwana akishapokea, kuanzia hapo waliongea kama baba na mtoto. Wengine hupewa wakishazaa mtoto wa kwanza. Mimi nilikuwa na binti anayekaribia miaka minne na nilikuwa bado sijapewa kitu. Nilisema sijali, mambo ya kizamani hayo. Ukweli ni kwamba lilinikera sana, na nilikuwa na kawaida ya kuhesabu wake wa ukoo ule waliopewa kabla yangu.

Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, kiwanda chake cha kufulia chuma kilibaki kilimani, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu. Mume wangu alikuwa balozi wa nyumba kumi, na amri ya kuezua paa za mahame ilipokuja ilimbidi aanzie kwao ili watu wasiseme anapendelea. Aliezua paa la kiwanda cha baba yake kwa mikono yake, na mzee alikaa pembeni juu ya fuawe akimwangalia mpaka akamaliza. Hawakutukanana. Ila tangu siku hiyo waliongea mambo ya lazima tu, mvua, mbuzi, mtoto anakohoa. Pale kijijini mzee alionyeshwa mahali pa kujenga kiwanda kingine, akasema udongo wa pale si udongo, akakataa. Wakamwita mpinga maendeleo. Mimi nilikuwa nafundisha chekechea na nilikuwa mjumbe wa kamati ya afya, na kwenye mikutano niliinamisha macho alipotajwa. Nilimwonea aibu. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Shida yetu pale ilikuwa maji. Chemchemi ilikuwa bondeni, na juu yake, kwenye mteremko, wataalamu walikuwa wamejenga josho la ng'ombe. Kila mvua iliponyesha, dawa ya josho ilishuka na maji. Ukiinama kuchota ulisikia harufu kali inayokaa puani, na uji uliopikwa kwa maji yale watoto waliutema. Tulilalamika mpaka akatumwa bwana maji kutoka wilayani. Alikuja na mapipa mawili, akatufundisha kuyapanga: chini kokoto, juu yake mchanga, kisha mkaa uliopondwa ukubwa wa punje za mahindi, kisha mchanga tena. Maji yanamiminwa juu, yanatokea bombani chini. Alinichagua mimi niyatunze kwa sababu nilijua kusoma na, alivyosema, nilikuwa na macho makali.

Alinipa sharti moja. Kila asubuhi ninuse kikombe cha kwanza. Siku harufu ya josho itakaporudi nijue mkaa umeshiba, umenyonya kiasi chake na hauwezi tena, basi niutoe, niutupe mbali na mashamba na kuweka mpya. Mkaa mpya ulikuja kwa lori, magunia mawili kila baada ya muda. Nilimwuliza kama hauwezi kuoshwa na kutumika tena. Akasema zipo njia kwenye mitambo mikubwa, si kwa mapipa yetu, nisijisumbue.

Kwa mwaka mzima yale mapipa yalikuwa fahari yangu. Wageni wa wilaya walioneshwa. Nilikuwa na kikombe cha bati kimefungwa kwa kamba, na yeyote aliyekishika kwa mikono michafu nilimpa maneno yangu. Mume wangu alinitania kwamba nikifa nizikwe na kikombe hicho.

Halafu vikaja vita. Tulisikia redioni kwamba nchi imevamiwa huko kaskazini ya mkoa wetu, na baada ya hapo kila kitu kilikwenda huko. Malori yalichukuliwa. Tulipanga ndizi na mihogo barabarani kwa ajili ya askari, tukaimba, tukalia. Mume wangu alikuwa mgambo, akaondoka na wenzake kabla ya mavuno ya maharage. Alimuaga baba yake mlangoni bila kuingia ndani. Mzee alimpa mkono, akaushika kwa muda, na hakuna aliyesema zaidi ya safari njema. Mimi nilikuwa nimesimama mbali, uso umefunikwa, lakini niliona.

Bwana maji alikuja mara ya mwisho kwa baiskeli. Alisema mkaa hautaletwa tena mpaka vita viishe, tutafute njia wenyewe. Kuchoma mkaa mpya kulitaka wanaume wa kukata miti na kufukia tanuri, na wanaume hawakuwepo. Tuliobaki tulikuwa shamba la kijiji tangu alfajiri. Mwenyekiti wa kijiji aliniambia nifikirie, kwani mtaalamu si ni mimi?

Nikafikiria. Harufu iliporudi, niliutoa mkaa wote, nikauosha kwa maji, nikauanika juu ya mikeka siku tatu kwenye jua kali la kiangazi kifupi, nikaurudisha. Nilitangaza mkutanoni kwamba nimegundua namna ya kuufufua mkaa, nikapigiwa makofi. Siku mbili za kwanza maji yalikuwa na nafuu, au nilitaka yawe na nafuu. Siku ya tatu nilinusa kikombe, na ile harufu ilikuwepo. Nilikiosha kikombe kwa majivu, nikanusa tena, ikawepo.

Hapa ndipo ninapojilaumu kwanza. Nilikwenda nyuma ya nyumba yangu, nikachuma majani ya mchaichai, nikayaweka ndani ya mapipa, juu ya mchanga. Watu walifurahi. Walisema maji ya siku hizi ni matamu, yananukia chai. Nilicheka nao. Mwenyewe nilijiambia kwamba ni kwa muda mfupi, vita vikiisha mkaa utakuja, na kwamba harufu pekee haijamwua mtu.

Baba mkwe alikuwa akija kila asubuhi kuchota kama watu wengine, akisubiri niondoke ndipo asogee. Siku moja jioni wifi alikuja kwangu na kikapu cha mihogo. Akakaa, akazungumza habari nyingine, kisha akatoa alichotumwa.

"Baba anasema maji yamerudi kuwa ya josho," aliniambia. "Anasema umeyavisha mchaichai."

Wifi akaendelea kwa upole wake. Mzee alisema kwao wahunzi jambo hilo linajulikana. Mkaa uliolala karibu na ngozi mbichi za mivukuto ya kupulizia moto hunyonya uvundo, na ukifulia chuma kwa mkaa ule moto wake hauna nguvu. Basi wazee wao hawakuutupa. Waliufunga ndani ya chungu, wakaziba mdomo kwa udongo, wakaacha kitundu kidogo cha kutolea moshi, wakauchoma upya mpaka uteme kila ulichonyonya. Jua haliwezi kazi hiyo. Alikuwa tayari kunifanyia, ila vyungu na udongo wake vilikuwa kilimani, na kwenda huko kulihitaji ruhusa ya kijiji. Alitaka mimi, mjumbe wa kamati, nimwombee.

Ilikuwa kitu kidogo. Ningekwenda kwa mwenyekiti kesho yake na kusema maneno matatu. Lakini ili niyaseme ingenibidi niseme pia kwamba mkaa wangu ulikuwa bado umeshiba, na kwamba ule mchaichai haukuwa kwa ajili ya utamu. Na aliyegundua awe yule mzee ambaye kijiji kizima kilimcheka. Nilimjibu wifi kwamba maji ni kazi ya wataalamu, na mtu asiyejua hata kuandika jina lake asinifundishe mapipa. Nikamwambia amfikishie hivyo hivyo. Wifi alichukua kikapu chake kitupu akaondoka. Sijui kama alimfikishia. Namjua wifi, nadhani alilainisha.

Siku chache baadaye, saa nne hivi asubuhi, nilikuwa peke yangu kwenye mapipa nikibadilisha majani. Niliposikia kile kifua kinachokwaruza nilidhani atapita. Hakupita. Alikuja mpaka akasimama hatua mbili kutoka kwangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu nilipoolewa. Mkononi alikuwa ameshika kitu kilichofungwa kwa majani makavu ya mgomba. Nyuma kabisa, kwenye kona ya nyumba, niliona khanga ya wifi.

"Mwanangu," alisema. Alisema kwa Kisubi, lugha ya kwao, kwa sauti ya chini. "Nimekuja mwenyewe. Pokea hiki, halafu unisikilize."

Nilijua ni nini. Lazima niseme nilijua. Alikuwa ananifungulia mdomo wake, jambo lile nililolisubiri miaka mitano, na alikuwa amekuja kulifanya bila sherehe, kwenye matope ya bombani, kwa ajili ya maji. Mimi niliyesimama mikutanoni nikisema mila za kutenganisha watu zimepitwa na wakati, nilivuta khanga usoni kama bibi harusi, nikampa mgongo.

Akasema nyuma yangu: "Mkaa huu umeshiba. Watoto wanakunywa." Kisha akaendelea. Nilisikia sauti yake, ndefu kuliko nilivyowahi kuisikia, ikikatwakatwa na kifua. Lakini maneno sikuyasikia, kwa sababu niliweka viganja vyangu masikioni juu ya khanga na kuondoka haraka kuelekea shambani. Yeyote aliyeniona angesema ni mkamwana mwenye adabu. Ndivyo nilivyotaka waseme.

Kesho yake niliamka nikakuta mapipa yamefunuliwa na mkaa wote umetolewa. Mchanga ulikuwa umerudishwa na kusawazishwa vizuri. Alama za gurudumu la baiskeli zilielekea njia ya mahameni. Sikuhitaji kuuliza. Nilikwenda moja kwa moja ofisini, nikamwambia mwenyekiti kwamba mali ya kijiji imeibwa, nikamtaja mwizi kuwa ni baba mkwe wangu, kwani hata pale jina lake sikuweza kulitamka. Niliongeza kwamba amerudi mahameni bila kibali. Kosa hilo wakati ule lilikuwa kubwa kuliko la kwanza.

Walitumwa mgambo wawili waliokuwa wamebakizwa kulinda kijiji. Mmoja wao alinisimulia baadaye huku akicheka. Walimkuta mzee kwenye kiwanda chake kisicho na paa, ameketi upande unakotoka upepo, na mbele yake vyungu vitatu vikubwa ndani ya moto, vimezibwa kwa udongo. Vilikuwa vikitoa moshi wa manjano unaonuka vibaya mno. Wakamwambia afungue waone anachoficha. Akawaomba wasubiri. Aliwaeleza kwamba moshi ule ndio dawa ya josho inayotoka, wakae mbali nao, na kwamba ukikoma ataziba vitundu, vyungu vipoe mpaka kesho, ndipo vifunguliwe. Aliwaambia wamlinde usiku kucha wakitaka, hakimbii. Wao walitaka kurudi kabla ya giza. Wakavunja vyungu kwa marungu. Mkaa ule wa moto ulipopata hewa uliwaka wote kwa pamoja, na mpaka walipomfunga mikono ulikuwa umekuwa majivu.

Aliwekwa ofisini siku mbili, kisha akapewa adhabu ya kulima shamba la kijiji kila siku kwa majuma mawili. Masika yalikuwa yameanza. Nilikuwa nikimwona kutoka chekechea, analima peke yake kwenye tuta la mwisho, gunia kichwani kwa ajili ya mvua. Nilikuwa nawafundisha watoto wimbo wa kuhesabu na nikageuza benchi ili nikae nikiangalia upande mwingine.

Mapipa yalibaki na mchanga mtupu, na mvua ile ilisukuma maji ya josho kuliko wakati wowote. Watoto wa chekechea walianza kutapika. Binti yangu ndiye alizidiwa kuliko wote. Alitapika siku moja na nusu, kisha akashikwa na degedege mikononi mwangu, macho yamegeuka, meno yameuma ulimi. Jirani alitupakia kwenye baiskeli mpaka hospitali ya Biharamulo, mimi nikikimbia pembeni na kumshikilia asianguke. Mganga aliniuliza mtoto amekunywa nini. Nikasema maji ya pipa. Akauliza kama yamechujwa. Nikasema ndiyo. Nilisema ndiyo kwa mtu aliyekuwa anajaribu kumwokoa mwanangu.

Alipona. Sijui kwa nini nilihurumiwa. Tulirudi baada ya siku nane, na mlangoni nikakuta chungu kidogo kimezibwa kwa udongo uliokauka, na kwenye udongo ule alama ya kidole gumba kilichopinda. Wifi alikuja akanieleza. Chungu kile kilikuwa cha kwanza kuchomwa siku ile, mzee alikuwa amekwisha kukitoa na kukifukia mchangani kipoe kabla mgambo hawajafika, na hawakukiona. Siku alipomaliza adhabu yake alimwelekeza wifi mahali, wifi akaenda akakileta. Ulikuwa mkaa wa kumtosha mtu mmoja. Alisema ni wa mjukuu.

Nilitoboa kopo, nikapanga mchanga na ule mkaa, nikamimina maji ya chemchemi. Nilipoweka kikombe puani sikusikia kitu. Nilinusa tena na tena. Yalinuka maji tu. Binti yangu alikunywa vikombe viwili akaomba cha tatu. Nilikaa sakafuni nikalia kwa hasira, hasira juu yangu mwenyewe, na hata pale sikutuma neno.

Ningeweza kumtuma wifi amwambie asante. Ningeweza kwenda mwenyewe, kupiga magoti mbele ya mlango wake na kunyoosha mikono, na angenipa kile alichokuja nacho siku ile, nina hakika. Nilijiambia nitasubiri mume wangu arudi ayapange mambo haya inavyostahili. Nikasubiri. Kifua cha mzee kilikuwa kimeshika baridi kule shambani, na kabla masika hayajaisha kilimshinda. Nilisikia vilio kutoka nyumba yake nikiwa mapipani.

Baada ya mazishi wifi alinipa kifurushi cha majani ya mgomba. Ndani yake kulikuwa na jembe jipya, halina mpini, limefuliwa kwa chuma chake cha mwisho kabla hatujahamishwa. Alikuwa amelitunza kwa ajili yangu muda wote huo. Wifi alisema mzee alikuwa anangoja mume wangu apatane naye kwanza, ili siku ya kunipa mwanawe awepo na wale chakula pamoja. Wifi hakunilaumu. Nilimwuliza mzee alisema nini siku ile kwenye bomba, baada ya mimi kumpa mgongo. Akasema alikuwa mbali, aliona midomo tu.

Wifi alikuwa ameona kazi ile tangu utotoni, akanifundisha. Tulikwenda kilimani wawili, safari hii kwa kibali, tukiwa tumebeba mkaa ulioshiba niliokuwa nimeutupa enzi za malori, tukafinyanga vyungu kwa udongo wa kule. Nilijifunza kwamba moshi wa kwanza mweupe ni maji tu, kwamba wa manjano ndio wenye sumu, na kwamba usipokuwa na subira ya siku ya pili umefanya kazi ya bure. Watu wakanywa maji safi. Vita vilipokwisha bwana maji alirudi, akanusa kikombe, akashangaa, akaniomba nimweleze. Nikamweleza hatua kwa hatua naye akaandika. Aliuliza nani alinifundisha. Wifi hakuwepo. Nikasema, tuliona wenyewe.

Mume wangu alirudi amekonda, sikio moja halisikii vizuri. Habari za kifo alikuwa amezipata njiani. Alikaa kaburini mchana mzima. Aliporudi ndani akaliona lile jembe nimeliegemeza ukutani, akalichukua, akaligeuza, akaitambua kazi ya baba yake. Nilimwona uso wake unabadilika, nikaelewa anafikiri nini kabla hajasema. Jembe liko kwangu, kwa hiyo nilipokea, kwa hiyo tuliongea.

"Kumbe alikufungulia," alisema. "Basi uliongea naye. Alisema nini juu yangu?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli, na ilikuwa ya mwisho. Nilimtazama akiwa ameshika jembe lile kwa mikono miwili, sikio lake zima limenielekea. Nikamwambia baba yake alisema hana kinyongo naye. Nikamwambia alisema lile paa lilikuwa bovu, lingeanguka lenyewe, na kwamba mtoto aliyetumwa na wakubwa hana kosa. Yalinijia mengi, na yote niliyasema. Mume wangu alilala kifudifudi juu ya kitanda akalia mpaka mabega yakatulia.

Maneno hayo aliyabeba maisha yake yote. Aliyarudia kwa wanawe, kwa wajukuu, kwenye misiba ya watu wengine. Wifi aliyasikia mara nyingi, akanitazama, akanyamaza, na naye ameshakufa. Mume wangu mwenyewe aliyataja katika juma lake la mwisho, akasema anakwenda kwa baba yake bila wasiwasi. Na mimi nimebaki na jembe lisilo na mpini na swali lisilo na mtu wa kuuliza. Mzee aliongea muda mrefu nyuma yangu siku ile. Habari za mkaa hazihitaji muda mrefu hivyo. Inawezekana ni yaleyale niliyoyatunga ndiyo aliyokuwa akinipa nimpelekee mwanawe, na inawezekana siyo, na nilikuwa karibu vya kutosha kuyasikia.